Siku Tatu Dampo

Muhula uliopita, Ijumaa moja saa nne usiku, nilimpigia mama simu kumwambia kwamba wikiendi ile sitarudi nyumbani kwa sababu bado niko dampo. Kukawa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Dampo? Unatafuta nini jalalani usiku huu, mwanangu?"

Kosa lilikuwa langu. Nyumbani kwetu Columbus tunazungumza Kiswahili cha Tanga, lakini mambo ya chuo najifunza kwa Kiingereza, na nikizungumza na wazazi huwa nalibeba neno la darasani, nalitia vokali mwishoni, halafu naomba lifike salama. Safari hii lilifika pengine kabisa. Kwa mama, kama kwa Mtanzania yeyote, dampo ni pale magari ya taka yanapomwaga mzigo. Nikajaribu kumweleza kwamba dampo langu ni faili, kwamba ni kumbukumbu yote ya kompyuta iliyokufa, imemwagwa kwenye diski ili mtu aichambue. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya. Ukitoka huko uoge."

Mwezi uliopita mwalimu wetu alituomba wanaklabu tuandike kila mmoja kuhusu jambo analolisoma, kwa Kiswahili, bila kukimbilia Kiingereza mambo yakiwa magumu. Nimechagua dampo, na neno hilo nalibakiza, kwa sababu kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona mama hakukosea sana. Maneno mengine nimeyachonga mwenyewe. Walimu mtanisahihisha.

Nianze na kiini. Kila kompyuta na kila simu ina programu moja iliyo chini ya programu zote. Hiyo ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayoamua nani atumie prosesa na kwa muda gani, inayozungumza na diski na mtandao. Ndiyo kiini cha mfumo endeshi. Programu ya kawaida ikikosea, kiini huiua, nawe unaendelea na kazi zako. Lakini kiini chenyewe kikikosea, hakuna aliye chini yake wa kukishika. Basi husimama. Hufanya hivyo kwa makusudi: kiini kilichogundua kwamba kumbukumbu yake imeharibika kikiendelea kufanya kazi, kinaweza kuandika upuuzi juu ya mafaili ya watu kwenye diski. Heri kife. Katika Linux mistari ishirini au thelathini ya namba humwagika kwenye skrini, kisha kimya. Katika Windows kwa miaka mingi ilikuwa ile skrini ya buluu ambayo baadhi yenu mmeshakutana nayo usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi insha.

Katika somo letu la mifumo endeshi, kazi ya mwisho ilikuwa kuandika kipande cha kuongeza ndani ya kiini cha Linux. Tulifanya wawili wawili. Mwenzangu ni mwanaklabu, wote mnamjua, ndiye anayetuchekesha kwa Kiswahili cha Bukavu, ila ameniomba nisimtaje jina. Tuliamua kutengeneza posta. Programu yoyote inaweza kufungua sanduku lake ndani ya kiini, programu nyingine zikaliwekea barua humo, na barua zilizokaa muda mrefu bila kusomwa zinafagiwa. Mimi nilichukua kufungua na kufunga masanduku: programu ikija naipa nafasi kwenye kumbukumbu, ikiondoka nairudisha ile nafasi kwa kiini ili wengine waitumie. Yeye alichukua mfagiaji. Kila sanduku lina taima, taima ikilia mfagiaji anaamka, anashika kufuli la hesabu ya posta nzima, anapitia barua moja moja, anatupa zilizochacha, anafungua kufuli, analala.

Ilifanya kazi vizuri sana. Tulipiga hata picha.

Kisha, siku nane kabla ya kukabidhi, mashine ikaanguka. Tukaiwasha, tukarudia yale yale, haikuanguka. Tukaandika programu ndogo ya kufungua na kufunga masanduku bila kupumzika, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi tukaikuta imekufa. Siku ya pili ilikufa baada ya dakika kumi. Siku ya tatu haikufa kabisa. Tukaongeza mistari ya kuchapisha ujumbe kila hatua ili tuone inafia wapi, na tangu tulipoiongeza, kosa likatoweka. Tukaiondoa, likarudi.

Makosa ya namna hii yana jina. Mwaka 1985 Jim Gray, mtaalamu wa hifadhidata, aliandika makala kuhusu kwa nini kompyuta husimama, akayagawa makosa kwa majina ya wanafizikia wawili. Kuna yale ya Bohr, magumu kama jiwe, unayakuta palepale kila ukirudi. Na kuna yale ya Heisenberg, ambayo ukiyatazama yanabadilika au yanakimbia. Letu lilikuwa la pili. Kuchapisha ujumbe kunachukua muda, muda huo unabadilisha nani anamtangulia nani, na kosa linalotegemea nani amtangulie nani linajificha.

Tulichokuwa nacho ni ile mistari ya skrini tu. Kila mara ilisema jambo moja: kiini kimefia ndani ya mfagiaji. Jina la fanksheni ya mwenzangu lilikuwa pale, mstari wa juu kabisa.

Sasa nieleze jambo ambalo sijivunii. Nilisoma sehemu yangu mara tatu, nikaona ni safi. Nikamwambia mwenzangu kwamba kosa ni lake, skrini yenyewe inasema. Akajibu kwa upole, "Haiko kosa yangu, dada. Angalia tena." Sikuangalia tena. Nilimwandikia barua pepe msaidizi wa mwalimu nikisema sehemu yangu imekamilika na imepimwa, hitilafu iko upande wa mwenzangu, na kama inawezekana tupewe alama tofauti. Nilijua kwamba mwenzangu anasoma kwa ufadhili wenye sharti la alama. Nilijua, na nikabonyeza kutuma.

Msaidizi alijibu kwa maneno mawili: "Mna dampo?"

Hatukuwa nalo. Kila ilipoanguka tulizima na kuwasha, kama anavyofanya kila mtu. Na ukizima na kuwasha unapata mashine nzima, mpya, isiyokumbuka chochote. Baba yangu alikuwa fundi wa magari Ngamiani kabla ya kuja Marekani, na hapa pia kazi yake ni hiyo. Kuna wateja wanaomkera kuliko hata wasiolipa: wanaoosha injini kabla ya kuleta gari. Wanaona aibu kuleta gari chafu, basi wanaipiga maji ya moto mpaka inang'aa. Na ile oili iliyokuwa imetiririka, ambayo ingemwonyesha fundi imetokea kiungo gani na imepita wapi, imekwenda na maji. "Wameniletea gari, wameacha ugonjwa nyumbani," husema. Nilimsikia akisema hivyo tangu nikiwa mdogo, na bado wiki nzima nilikuwa naosha injini.

Dampo ni kutokuiosha. Kiini kikifa, kabla ya kuwasha upya, kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu kinanakiliwa kwenye faili. Wazo lenyewe ni la zamani. Kompyuta za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na kumbukumbu iliyotengenezwa kwa vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya kama shanga, na jina la Kiingereza la madampo ya programu za kawaida bado linataja vile vipete hadi leo, ingawa wengi wetu hatujawahi kuviona. Wakati ule yaliyomo yalichapwa kwenye karatasi, namba tupu, na mtu akakaa na kalamu.

Lakini kuna fumbo ambalo lilinipendeza nilipolifahamu. Nani anaandika dampo la kiini? Kuandika kwenye diski ni kazi ya kiini, na kiini ndicho kilichokufa. Huwezi kumwomba maiti aandike ripoti ya kifo chake, na hata akijaribu, huenda mkono atakaoandikia ndio ulioharibika. Linux ina jibu lake, linaitwa kdump, lilianza kuingizwa katika toleo la 2.6.13 la mwaka 2005. Mashine inapowashwa asubuhi, ikiwa nzima na haina shida yoyote, inatenga kipande kidogo cha kumbukumbu pembeni na kukiweka humo kiini cha pili, kamili, kikiwa usingizini. Kiini cha kwanza hakiruhusiwi kugusa kipande hicho. Siku kiini cha kwanza kinapoanguka, jambo la mwisho kinalofanya ni kuruka moja kwa moja hadi kwa mwenzake, bila kuzima umeme, bila kupitia zile hatua za kuwasha mashine ambazo zingefuta kila kitu. Cha pili kinaamka ndani ya kipande chake, kinaiona kumbukumbu yote ya marehemu kama faili moja kubwa, kinainakili kwenye diski, kisha ndipo kinawasha mashine upya. Yaani unamchagua shahidi mapema, kabla ya msiba, unampa chumba chake na kumfungia humo.

Tulitega kdump Ijumaa mchana kwenye mashine yetu pepe, ile kompyuta inayojifanya kompyuta ndani ya kompyuta. Tulimtengea shahidi megabaiti 64. Kiini kikaanguka jioni, shahidi akaamka, akakosa nafasi ya kupumulia, akafa naye. Tukacheka wote wawili, na nadhani ndiyo mara ya mwisho tulicheka pamoja wiki ile. Tukampa megabaiti 256. Saa nane usiku, nikiwa peke yangu maabara, mashine ikaanguka tena na faili likaonekana kwenye diski. Mashine ilikuwa na gigabaiti 2, lakini kuna programu ya kuchuja inayoacha kurasa tupu na vitu visivyohusu kiini, hivyo dampo letu lilikuwa megabaiti mia moja na kidogo.

Jumamosi nzima niliipoteza kwa uzembe. Dampo peke yake ni namba, ni mji mzima usio na jina la mtaa hata mmoja. Ili usome unahitaji nakala ya kiini kilekile yenye majina yote ndani yake, na lazima iwe ileile hasa iliyokuwa ikiendeshwa. Mimi nilikuwa nimekijenga kiini upya Alhamisi, basi ramani yangu ilikuwa ya mji mwingine. Nilisoma upuuzi kwa saa sita kabla ya kutambua.

Jumapili asubuhi majina yakakaa mahali pake. Programu ya kusomea inaitwa crash, nayo unaiuliza maswali mafupi. Kwanza niliomba mfuatano wa nani alimwita nani kwenye prosesa iliyoanguka. Kiini kiliita taima, taima ikamwita mfagiaji, mfagiaji akafuata anwani ya barua inayofuata akaangukia shimoni. Hayo tuliyajua. Jipya lilikuwa anwani yenyewe, maana sasa niliweza kwenda kuitazama ilikotoka. Nikaomba nionyeshwe kumbukumbu ya lile sanduku. Upande wa kushoto yakaja marudio ya 6b 6b 6b 6b, mstari baada ya mstari. Upande wa kulia, ambako programu inajaribu kuzisoma namba kama herufi, ikaja kkkkkkkkkkkkkkkk. Kama mtu anayecheka kwenye meseji.

Wanaoandika Linux waliliweka hilo makusudi. Ukiiwasha kwa hali ya kutafutia makosa, kila kumbukumbu inayorudishwa kwa kiini inapakwa sumu: karibu kila baiti inageuzwa 6b, ambayo kwa bahati ndiyo herufi k. Mtu akija baadaye kutumia nafasi iliyokwisha rudishwa, anaokota sumu badala ya takwimu, na namba hiyo haiwezi kuwa anwani halali, hivyo anaanguka palepale badala ya kutembea na takwimu za uongo. Maana yake: mfagiaji alikuwa akifagia sanduku ambalo limekwisha vunjwa.

Na anayevunja masanduku ni mimi.

Bado nilijitetea. Nilijiambia kwamba mfagiaji angepaswa kuhakikisha kwanza kama sanduku lipo. Isitoshe, mimi kabla ya kuvunja sanduku huwa nafuta taima yake, mstari upo, kila mtu anauona. Kwa hiyo mfagiaji hawezi kuwa ndani. Nilikaa na hoja hiyo mpaka mchana.

Mashine yetu ilikuwa na prosesa mbili. Mistari ya skrini inaonyesha ile iliyoanguka tu. Dampo lina zote mbili, kwa sababu kiini kikiaga huwa kinazisimamisha prosesa nyingine pale zilipo na kuhifadhi hali zao. Kuna amri ya kuomba mfuatano wa kila prosesa kwa pamoja, herufi mbili na kistari na herufi moja, bt -a. Niliiandika bila matumaini.

Prosesa ya pili ilikuwa ndani ya fanksheni yangu. Ilikuwa imesimama mstari wa tatu chini ya pale ninapovunja sanduku, ikisubiri lile kufuli la hesabu ya posta. Na kufuli lilishikwa na nani? Na mfagiaji, aliyekwisha anguka kwenye prosesa ya kwanza akiwa nalo mkononi. Ndiyo maana mkono wangu haukuwa umeondoka pale. Laiti nisingehitaji kufuli lile, prosesa ya pili ingekuwa imeshamaliza na kwenda zake kabla ya kusimamishwa.

Ilivyotokea ni hivi. Taima ililia, mfagiaji akaingia sandukuni kwenye prosesa ya kwanza. Papo hapo programu ikafunga sanduku lake kwenye prosesa ya pili. Mimi nikafuta taima. Lakini ile del_timer niliyoitumia huondoa taima ambayo bado haijalia. Ikiwa imeshalia na mfagiaji yuko ndani, yenyewe hairudi kumwangalia. Inasema sawa, inaendelea. Nami nikaendelea, nikavunja nyumba mtu akiwa ndani. Kuna ndugu yake, del_timer_sync, ambayo humsubiri mfagiaji atoke kwanza. Niliiona kwenye maelezo mwanzoni mwa kazi. Nilidhani lile neno la mwisho ni mapambo.

Kurekebisha ilikuwa kuongeza herufi tano, na kistari kimojawapo. Tuliiacha mashine siku mbili ikifungua na kufunga, haikuanguka.

Barua pepe ya pili kwa msaidizi wa mwalimu ilinichukua muda mrefu kuliko hizo herufi. Niliandika kwamba kosa ni langu, nikabandika mfuatano wa prosesa zote mbili, nikaomba barua ya kwanza isihesabiwe. Kisha nikamtafuta mwenzangu maktaba, nikamwonyesha kwenye skrini, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine ya kulisema. Alisoma taratibu, akasogeza chini, akasogeza juu. Akasema, "Nilikuambia uangalie tena." Hakuongeza. Kwa karibu wiki mbili akawa ananijibu kwa neno moja moja, na haki yake.

Sitaki mdhani kwamba skrini hudanganya siku zote. Tulipomaliza, mwalimu wa somo alizungumzia tukio la tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows ambazo Microsoft ilikadiria kuwa milioni 8.5. Kule jina lililoonekana ndilo lililokuwa na kosa. Lakini hata hivyo jina halikutosha. Microsoft ilichambua madampo ya mashine zilizoanguka na kueleza kwamba draiva ya CrowdStrike ilisoma kumbukumbu nje ya mipaka yake. CrowdStrike wenyewe baadaye walieleza ilivyokuwa: sehemu moja ya programu yao ilitarajia vipengele 21, sehemu nyingine ikaleta 20, na mtu akaenda kusoma cha ishirini na moja ambacho hakipo. Kwenye skrini utaona ni nani. Dampo linakuonyesha alikuwa ameshika nini mkononi, na alidhani ameshika nini.

Wala dampo si muujiza. Ni picha, si filamu. Sisi tulibahatika kwa sababu kufuli lilimnasa mhalifu karibu na maiti. Kama ningekuwa nimeharibu kitu saa moja kabla na kuondoka, dampo lingeonyesha uharibifu tu, na mimi nikiwa mbali nimekaa kama mgeni. Tena si kila mwenye mashine anapenda kusubiri. Seva yenye kumbukumbu kubwa inachukua muda kuandikwa, na mwenye duka anataka duka lifunguliwe sasa hivi. Nawaelewa. Hata wateja wa baba wanalitaka gari jioni.

Jambo lililonishtua zaidi ni lingine. Nilipokuwa nikitembeatembea ndani ya dampo, kati ya zile k nyingi, nikakuta maneno: "shikamoo bibi". Mbele kidogo, "leo tunakula wali wa nazi". Zilikuwa barua zangu za majaribio kwenye masanduku ambayo bado yalikuwa mazima. Nilikuwa nimeandika chochote kilichonijia kichwani, usiku, nikiwa na njaa. Hapo nikaelewa kwamba dampo halichagui. Kilichokuwa kwenye kumbukumbu dakika ile kimo, iwe salamu kwa bibi au neno la siri la benki. Programu ya kuchuja hupunguza, lakini haimalizi. Mwaka 2023 Microsoft ilieleza kwamba ufunguo mmoja wa siri ulioibwa huenda ulivuja kupitia dampo la mwaka 2021. Mwaka uliofuata ikarekebisha maelezo hayo, ikisema haijalipata dampo lenye ufunguo huo. Hata ikiwa haikuwa hivyo, wataalamu waliona kwamba inawezekana, na hilo linatosha kukufanya usimtumie mtu yeyote tu dampo lako kwa barua pepe. Ndiyo maana nasema mama hakukosea sana. Hata jalalani ukichambua taka za nyumba moja utajua wanakula nini na wanadaiwa na nani.

Nilimsimulia baba hayo yote nilipokwenda nyumbani wakati wa likizo. Mambo ya prosesa hakuyajali. Aliuliza swali moja, kama yule kijana wa Bukavu amepata alama zake. Nikamwambia amepata, tulipewa sawasawa, na ufadhili wake upo. Akaendelea kula.

Muhula huu kila mmoja ana kazi yake. Yeye yuko kwenye somo la mitandao, mimi niko kwenye hifadhidata, na tulikuwa tunasalimiana tu kwenye mikutano ya klabu. Juzi, saa tano usiku, simu yangu ikalia. Ilikuwa meseji yake, ya kwanza ndefu tangu wakati ule. Anasema mashine yake imeanguka mara mbili, safari hii hajazima, amemtengea shahidi megabaiti 256, faili lipo, na prosesa ni nne. Mwisho akaandika, "Dada, njoo. Niko dampo."

Nikavaa koti.